Asilimia Themanini Si Hirizi

Siku hizi mwananchi hulipia maji, leseni ya biashara na mengine mengi kwa kupewa namba ya malipo, na namba hiyo hutolewa na programu ya kompyuta. Hesabu iliyokuwa ikifanywa na karani, ambaye mtu aliweza kumwendea dirishani na kubishana naye, sasa hufanywa na maandishi ambayo mlipaji hayaoni kamwe. Kwa hiyo swali la nani ameyakagua maandishi hayo, na kwa masharti gani, linamhusu kila anayepokea ankara. Katika makala haya nakusudia kueleza sehemu moja ndogo ya ukaguzi huo, ambayo aghalabu huachwa mikononi mwa mafundi peke yao, na kutoa maoni kwamba haifai kuachwa hivyo.

Miaka michache iliyopita niliombwa na ofisi moja inayotoza ankara niisome taarifa ya makabidhiano ya programu yake mpya. Taarifa ilikuwa nzuri kuitazama. Ukurasa wa kwanza ulionyesha kwamba majaribio yote yamefaulu, kwamba uchanganuzi haukuona kosa zito hata moja, na kwamba asilimia 82 ya mistari ya programu ilipitiwa na majaribio, ilhali mkataba ulidai asilimia 80 tu. Wakubwa walikuwa tayari kutia sahihi. Nikaomba nionyeshwe faili la masharti ya ukaguzi, yaani yale maandishi mafupi yanayokiambia chombo kikague nini na kiache nini. Halikuzidi mistari arobaini. Katikati yake palikuwa na orodha ya mafungu ya programu yaliyoondolewa katika hesabu, na fungu la tatu katika orodha hiyo lilikuwa lile linalokokotoa faini na malimbikizo ya madeni. Kando yake fundi alikuwa ameandika maneno mawili: "kwa muda". Hapakuwa na jina, wala tarehe, wala sababu, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeyaandika.

Katika ofisi ile hapakuwa na mtu aliyesema uongo. Asilimia 82 ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kweli juu ya programu iliyosalia baada ya fungu lenye hatari kubwa kutengwa. Wakubwa walisoma namba. Hawakusoma sentensi ambayo namba hiyo ni jibu lake. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba faili la masharti ya ukaguzi ni waraka wa umma kama ulivyo mkataba wenyewe, na kwamba anayetia sahihi bila ya kulisoma hajui alichokipokea.

VYOMBO NA KAZI ZAKE

Programu huandikwa na binadamu kwa lugha inayosomeka, kisha hugeuzwa na kuunganishwa mpaka iwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda. Kazi hiyo ya kugeuza na kuunganisha huitwa ujenzi wa programu. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Laboratories nchini Marekani alitunga chombo kiitwacho make, ambacho huendesha kazi hiyo kwa kusoma faili la maagizo. Tangu hapo imekuwa desturi kuongeza kazi nyingine katika mlolongo huohuo: baada ya kugeuza, chombo huendesha uchanganuzi; baada ya uchanganuzi, huendesha majaribio; na baada ya majaribio hupima ni sehemu gani ya programu iliyopitiwa. Likitokea jambo lililokatazwa na masharti, ujenzi husimama na programu haitoki.

Uchanganuzi ni kuyasoma maandishi ya programu bila ya kuyatenda, kwa kutafuta dalili za makosa. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Stephen Johnson wa maabara hiyohiyo alitunga chombo cha namna hiyo kwa lugha ya C, akakiita lint, neno ambalo kwa Kiingereza ni vile vinyuzi na vumbi vinavyong'ang'ania nguo. Jina hilo lilifaa, kwa kuwa chombo kilikusudiwa kuokota takataka ndogondogo ambazo jicho huzipita: kitu kilichotajwa na hakikutumiwa, thamani iliyosomwa kabla ya kuwekwa, mstari usioweza kufikiwa kamwe.

Upimaji wa mistari iliyopitiwa ni jambo la zamani zaidi. Joan Miller na Clifford Maloney walieleza msingi wake mwaka 1963 katika jarida la Communications of the ACM. Njia yake ni rahisi kuieleza. Chombo huweka alama katika kila mstari, au katika kila njia panda ambapo programu huchagua kwenda huku au kule, kisha majaribio huendeshwa. Mwishoni alama zilizokanyagwa huhesabiwa, na jumla yake hugawanywa kwa alama zote zilizowekwa. Leo wanaotumia lugha ya Java wana chombo kiitwacho JaCoCo, na wanaotumia lugha ya C wana gcov. Hesabu ni ileile. Katika JaCoCo fundi anaweza kuandika kwamba kima cha chini ni 0.80, na kwamba mafungu fulani yasihesabiwe. Mistari hiyo michache ndiyo inayoamua kama programu itapita au itazuiwa.

Hapo msomaji atatambua kwamba asilimia ina sehemu mbili, kigawanywa na kigawanyo, na kwamba inaweza kupandishwa kwa kushughulikia upande wowote. Mtu anaweza kuongeza majaribio, na hiyo ni kazi ya siku nyingi. Anaweza pia kupunguza mistari inayohesabiwa, na hiyo ni kazi ya dakika moja. Taarifa ya ukurasa wa kwanza haitofautishi hayo mawili.

MSTARI ULIOPITIWA NA MSTARI ULIO SALAMA

Hata pale ambapo hakuna kilichofichwa, namba hiyo husema jambo dogo kuliko tunavyodhani. Tuchukue mita ya maji yenye tarakimu tano. Programu hutoa usomaji wa mwezi uliopita katika usomaji wa mwezi huu, na tofauti ndiyo maji yaliyotumika. Fundi, akihofia kwamba karani anaweza kuzipanga namba mbili kinyume, ameongeza sharti kwamba tofauti ikiwa chini ya sifuri, alama ya kutoa iondolewe. Kisha ameandika majaribio mawili. La kwanza lina 00120 na 00145, na jibu ni 25. La pili lina namba hizohizo zikiwa zimepinduliwa, na jibu ni 25 vilevile. Kila mstari umepitiwa, na kila njia panda imepitwa pande zote mbili. Asilimia ni 100.

Lakini mita ya tarakimu tano ikifika 99999 hurudi 00000. Nyumba iliyosomwa 99990 mwezi uliopita itasomwa 00012 mwezi huu, na maji yaliyotumika ni yuniti 22. Programu itatoa 99990 katika 00012, itapata hasi 99978, itaondoa alama ya kutoa kama ilivyoagizwa, na itamwandikia mwenye nyumba ankara ya yuniti 99,978. Mstari uliofanya hivyo ulikwisha kupitiwa na jaribio. Uchanganuzi nao hauwezi kulalamika, kwa sababu maandishi hayana kasoro yoyote ya lugha. Kasoro iko katika kutojua tabia ya mita, na anayeijua tabia hiyo ni msomaji mita anayetembea mtaa kwa mtaa na daftari lake. Hakuna aliyemwuliza.

Kuna upungufu mkubwa zaidi ya huo. Chombo huhesabu mstari uliotendwa. Hakiangalii kama jaribio lililinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotarajiwa. Jaribio linaloiita programu na kuondoka bila ya kuuliza chochote huongeza asilimia sawasawa na jaribio lililoandikwa kwa uangalifu. Fundi anayedaiwa asilimia 80 kabla ya Ijumaa anajua jambo hilo, na hatuwezi kumlaumu yeye peke yake akilitumia, kwa kuwa tulichomdai ni namba. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, alitoa onyo la namna hiyo mwaka 1975 kuhusu takwimu za fedha: uhusiano uliotegemewa katika takwimu huelekea kuvunjika pale takwimu hiyo inapofanywa kuwa nyenzo ya kuongozea mambo.

FUNZO LA KOUROU

Mfano maarufu wa mstari uliopitiwa na bado ukaangamiza ni ule wa roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Ilipotimu kama sekunde 40 hivi, ikiwa kwenye kimo cha kama mita 3,700, iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka pamoja na setilaiti nne za uchunguzi wa kisayansi zilizokuwa ndani yake. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilitoa taarifa yake tarehe 19 Julai mwaka huohuo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Chombo cha kupimia mwelekeo wa roketi kiliendeshwa na programu iliyochukuliwa kutoka roketi ya Ariane 4. Ndani yake palikuwa na mstari unaogeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Katika Ariane 4 mstari huo ulikuwa umetendwa katika safari nyingi za kweli angani bila ya matatizo, kwa sababu kasi ya mlalo ya roketi ile haikufikia kuizidisha namba hiyo. Kasi ya mlalo ya Ariane 5 ilikua kwa haraka mara tano zaidi. Namba ikazidi, chombo kikasimama. Na cha akiba, kilichokuwa na programu ileile, kilikuwa kimekwisha kusimama kwa sababu ileile, sehemu ndogo ya sekunde kabla yake. Zaidi ya hayo, hesabu iliyoleta maafa ilikuwa ya matayarisho ya kabla ya kuruka. Kwa Ariane 5 haikuwa na manufaa yoyote roketi ikishapaa.

Sehemu ya taarifa hiyo inayonihangaisha zaidi ni nyingine. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuchunguza na kuona kwamba namba saba za aina hiyo zilikuwa na hatari ya kuzidi. Nne zilikingwa. Tatu ziliachwa bila ya kinga, kwa hoja kwamba zisingeweza kufikia kiwango hicho, na kwa kuwa palikuwa na lengo kwamba kazi ya kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Tume iliona kwamba sababu za uamuzi huo hazikuandikwa ndani ya programu yenyewe. Aliyeipokea programu hiyo kwa matumizi ya roketi mpya hakuona kando ya mstari ule neno lolote la kumwambia kwamba usalama wake unategemea mwendo wa roketi ya zamani. Kadhalika, hakuna jaribio lililofanywa kwa kukilisha chombo hicho data za mwendo wa Ariane 5.

Tukiutazama mkasa huo kwa jicho la mada yetu, tunaona kwamba kipimo cha mistari kisingeuzuia. Mstari ulipitiwa tena na tena, majaribuni na angani. Kilichokosekana kilikuwa maandishi mafupi yanayosema: tumeusamehe mstari huu kwa sababu fulani, na sababu hiyo ikibadilika msamaha umekwisha.

CHOMBO KIKIULIZWA, HUJIBU

Msomaji asidhani kwamba ninavidharau vyombo. Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya haraka kwa simu zake, na siku chache baadaye kwa kompyuta zake, kwa sababu ya kosa katika sehemu inayohakikisha kwamba tovuti inayozungumza na mtumiaji ndiyo kweli inayojitambulisha. Katika maandishi ya sehemu hiyo, amri moja ya kuruka hadi mwisho iliandikwa mara mbili mfululizo. Ya kwanza ilikuwa na sharti. Ya pili haikuwa nalo, ingawa ilisogezwa kulia ikafanana nayo kwa macho. Matokeo yake programu iliruka kila mara, na hatua ya mwisho ya kuhakiki sahihi, iliyokuwa chini ya amri hiyo, haikutendwa kamwe. Nayo programu ilirudisha jibu kwamba mambo ni salama.

Kosa la namna hiyo ni riziki ya vyombo. Mistari iliyo chini ya amri ile haifikiki kwa njia yoyote, na mchanganuzi wa mashine hulitambua jambo hilo bila ya shida. Kipimo cha mistari nacho, kikiendeshwa juu ya sehemu ile, kingeonyesha hatua nzima ya uhakiki ikiwa haijakanyagwa hata na jaribio moja. Lakini ni lazima chombo kiulizwe. Wengi huandika katika faili la masharti amri iitwayo -Wall, ambayo jina lake linadokeza kwamba huwasha maonyo yote. Haiwashi yote. Katika kigeuzi kiitwacho Clang, onyo la mistari isiyofikika halimo katika kundi hilo. Sharti lake lazima litajwe kwa jina. Katika kigeuzi cha GCC hali ilikuwa ya ajabu zaidi: sharti la onyo hilo lilikuwa limeondolewa kazi miaka kadhaa kabla ya 2014, lakini kigeuzi kiliendelea kulipokea bila ya kulalamika. Fundi aliyeliandika alidhani ameweka mlinzi mlangoni, kumbe kiti kilikuwa kitupu. Mwaka 2016 toleo la sita la GCC liliongeza onyo jipya kwa amri zilizosogezwa kwa namna ya kudanganya jicho, na safari hii likaingizwa katika kundi la -Wall.

Kwa hiyo mikasa hii miwili inakamilishana. Wa Kourou unatuonya tusimwamini mlinzi kwa jambo asiloweza kuliona. Wa 2014 unatuonya tusimlaumu mlinzi ambaye hatukumpa kazi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Baadhi ya wenzangu, wakiisha kusikia hayo, husema afadhali namba hizi zifutwe kabisa, fundi aachwe atumie busara yake. Sikubaliani nao. Busara ya fundi ni kitu cha thamani, lakini fundi huhama, huchoka, na huharakishwa. Programu ya umma huishi kuliko mkataba wa mtu aliyeiandika. Kipimo kisichochoka kina faida yake, ilimradi tujue kinapima nini. Mistari ambayo haijapitiwa na jaribio lolote ni mistari ambayo hatujui lolote juu yake. Kuijua ilipo ni mwanzo wa hekima. Kosa ni kuigeuza ramani ya giza kuwa cheti cha mwanga.

Wengine husema masharti makali huchelewesha kazi, na kwamba nchi zenye mafundi wachache haziwezi kumudu. Hoja hii ina uzito, nami nimeona vijana watatu wakibeba mfumo wa wilaya nyingi. Lakini gharama ya ankara potofu haipotei kwa kutopimwa, huhamishwa tu. Humwangukia mama aliyepanda basi kutoka kijijini kuja kulalamika, na karani aliyekaa dirishani asiye na uwezo wa kurekebisha chochote.

Wapo pia wanaosema kila programu ina sehemu zinazostahili kuachwa nje ya hesabu. Hilo ni kweli. Maandishi yanayotungwa na mashine yenyewe, kwa mfano, hayana haja ya kuandikiwa majaribio na binadamu. Sipingi misamaha. Napinga msamaha usio na jina, usio na sababu na usio na mwisho.

Wanaotengeneza ndege walikwisha kukabiliana na swali hili. Kanuni za programu za ndege zijulikanazo kama DO-178B, za mwaka 1992, na DO-178C zilizofuata mwaka 2011, hazidai kiwango kimoja kwa vitu vyote. Sehemu ambayo kosa lake linaweza kuangusha ndege hudaiwa kipimo kikali mno, ambapo kila sharti dogo ndani ya njia panda lazima lionyeshwe kwamba linaweza lenyewe kubadili uamuzi. Sehemu yenye madhara madogo hudaiwa kidogo. Na lililo muhimu zaidi ni mpangilio wa kazi: majaribio hutungwa kutokana na mahitaji yaliyoandikwa, kisha kipimo hutumiwa kutafuta kilichosahauliwa. Mstari usiopitiwa ukionekana, haitoshi kutunga jaribio la kuukanyaga. Lazima ielezwe kwa nini haukupitiwa: ni jaribio lililosahauliwa, ni hitaji ambalo halikuandikwa, au ni mstari usio na kazi unaopaswa kuondolewa.

NINACHOPENDEKEZA

Tangu mwaka 2019 Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao, na ina Mamlaka inayosimamia mifumo ya umma. Mahali pa kuyaweka mambo haya papo. Maoni yangu ni kama yafuatavyo.

Kwanza, faili la masharti ya ukaguzi liwe kiambatisho cha kila mkataba wa programu ya umma, na lisomwe na mtu asiye wa kampuni iliyoiandika. Kila msamaha ndani yake uwe na jina la aliyeutoa, sababu kwa lugha ya kawaida, na tarehe ambayo utakoma usipohuishwa. Si sharti geni. Programu ya DHIS2, inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika hapa nchini kukusanya taarifa za afya, maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, pamoja na mafaili ya ujenzi wake. Anayetaka kujua chombo kimeagizwa nini anaweza kufungua na kusoma.

Pili, asilimia isitajwe peke yake. Itajwe pamoja na idadi ya mistari iliyotengwa. Ofisi ile niliyoitaja ingeambiwa "asilimia 82, na fungu la faini halikuhesabiwa", hakuna ambaye angechukua kalamu.

Tatu, kima kiwekwe kwa kadiri ya madhara. Fungu linalogusa fedha za mtu au dawa ya mgonjwa lipimwe kwa njia panda zake, wala si kwa mistari tu, na majaribio yake yenyewe yajaribiwe. Njia ya kufanya hivyo ipo tangu mwaka 1978, pale DeMillo, Lipton na Sayward walipopendekeza kwamba makosa madogo yapandwe kwa makusudi katika programu ili kuona kama majaribio yatayagundua. Jaribio lisiloona kosa lililopandwa halitaona lililoota lenyewe. Njia hii hula muda mwingi wa kompyuta, na kwa hiyo ifanywe pale tu panapostahili.

Nne, onyo lisimamishe ujenzi. Onyo linaloandikwa na kupitwa huwazoeza watu kulipita. Kwa programu kongwe yenye maonyo mengi, yaliyopo yaorodheshwe na kuachwa yapunguzwe polepole, lakini jipya lisiruhusiwe hata moja. Vivyo hivyo kima cha majaribio kitumike kwanza juu ya maandishi mapya, kama ilivyo katika kawaida ya chombo cha SonarQube. Hivyo kikundi kidogo hakitalemewa na madeni ya miaka kumi kwa siku moja.

Tano, mlinzi ajaribiwe. Mara kwa mara mkaguzi apande kosa la wazi na aone kama ujenzi utasimama. Kisa cha sharti lililopokelewa bila ya kufanya kazi kinatosha kuwa sababu.

Sita, kabla ya majaribio kutungwa, mtu anayeifanya kazi yenyewe aketi na fundi. Msomaji mita, mhasibu wa wilaya, mwuguzi wa zahanati: hao ndio wanaojua kwamba mita hurudi sifuri, kwamba mwaka wa fedha huanzia Julai, kwamba mtoto anaweza kuandikishwa kabla ya kupewa jina. Hakuna chombo kitakachoyajua mambo hayo kisipoambiwa.

HITIMISHO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamwumbua. Katika ofisi ile nilipendekeza lile fungu la faini lirudishwe katika hesabu kabla ya sahihi kutiwa. Asilimia ikashuka chini ya kima cha mkataba, na mkuu wa mradi hakunifurahia, kwa kuwa tarehe ya uzinduzi ilikwisha kutangazwa. Mafundi walipoanza kuliandikia fungu hilo majaribio waligundua katika wiki ya kwanza kwamba faini ilikuwa ikitozwa juu ya faini kila mteja alipolipa sehemu tu ya deni lake. Wanaolipa sehemu ya deni ni wale wasio na fedha za kulimaliza. Uzinduzi ulicheleweshwa.

Ombi langu kwa viongozi wanaopokea programu kwa niaba ya wananchi ni dogo. Mnapoletewa taarifa yenye asilimia juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya kuuliza kama imefika 80, ulizeni ni nini hakikuhesabiwa, ni nani aliyeamua hivyo, na lini uamuzi wake utakoma. Jibu lisipopatikana mezani siku hiyo, kalamu irudishwe mfukoni mpaka lipatikane.